Dukani Anaongea Mmoja

Watu wa Kashojwa wanasema nina roho nzuri, na mimi sijawahi kuwabishia. Mtu akikusifu mbele za watu ukaanza kukataa, utaonekana una maringo. Nina kibanda karibu na Base Camp, penye ofisi za kambi: paneli nne za jua juu ya bati, betri mbili kubwa za lori chini ya meza, jenereta ya kunisaidia mawingu yakizidi, na mashine ya kuchapa. Nachaji simu, napiga picha za pasipoti, nawachapia watu barua za kwenda kwenye ofisi ambazo hazijibu. Jina langu ni Emery. Nilitoka Walungu, Kongo, na miaka kumi na mmoja, nikakulia hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi Uganda, kwa hiyo Kinyankole, lugha ya wenyeji, nakiongea kama mtoto wa Isingiro. Hicho Kinyankole ndicho kilichoniwezesha kufanya nilichokifanya.

Nabintu alikuja kwangu mwaka 2011 akiwa na miaka kumi na saba. Alitaka kujifunza kuchapa tu. Mama yake, Anne, alikuwa mshonaji pale sokoni Kashojwa, mama mjane mwenye cherehani moja na binti mmoja, na vyote viwili alivitunza vizuri. Nikamfundisha Nabintu kuwasha kompyuta, kufungua faili, kuhifadhi. Mwaka wa kwanza alikuwa ananiuliza mimi. Mwaka wa pili mimi ndiye niliyekuwa namuuliza yeye, ila nilikuwa nauliza kwa namna ya kumpima, kama mwalimu, ili asigundue.

Aligundua, bila shaka. Alikuwa na adabu tu. Siku moja aliandika programu ndogo ya kutunza orodha ya simu za wateja, ili zisichanganyike tena, maana nilikuwa nimewahi kumpa mchungaji simu ya mlevi. Aliimaliza kwa siku mbili. Mabango ya kwaya aliyoyachora yeye yalikuwa yanabandikwa hadi Rubondo, na chini ya kila bango aliandika jina la kibanda changu, siyo lake. Watu wakanipongeza. Nikawaambia asante.

Vijana watatu niliowafundisha kabla yake walishaondoka. Wawili wako Kampala, mmoja alipelekwa Amerika na familia yake. Hakuna hata mmoja anayenipigia simu. Mtu anakaa kwako miaka miwili anakula mwanga wako, halafu akipata njia anakuwa kama hakukujua. Nilikuwa nimechoka na hilo, na nilikuwa nimeapa kimoyomoyo kwamba la nne halitatokea.

Halafu mwaka 2014, mwezi wa saba, likatoka tangazo. Kampuni moja ya Kampala ilikuwa inatafuta vijana kumi wa kutengeneza tovuti na kuchora nembo na matangazo. Wakimbizi wanaruhusiwa. Watalala huko, watalipwa huko. Masharti yalikuwa mawili: uwe na laptopu yako mwenyewe, na ufanye mtihani kwa intaneti siku ya Alhamisi katikati ya mwezi wa tisa, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tano. Mtihani ukishaufungua, mashine ikizimika umetoka, na hurudi tena.

Nabintu alilisoma tangazo hilo kwenye kompyuta yangu, amesimama, mkono juu ya mdomo. Kisha akalichapa na kwenda nalo kwa mama yake.

Mama Anne aliuza cherehani. Sikuamini macho yangu nilipomwona anakuja bila ile sindano aliyozoea kuichomeka begani. Pesa hakumpa binti yake, alinipa mimi, zimefungwa kwenye kona ya kitenge.

"Emery, njo wewe unajua hii mambo," aliniambia. "Muende naye Mbarara. Usikubali bamuibie. Mimi sina kitu ingine ya kuuzisha."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Nabintu alikuwa na karatasi yake. Alikuwa ameifikiria mashine hiyo kama watu wengine wanavyofikiria arusi. Rami giga nne, siyo mbili, kwa sababu programu ya kuchorea ingeganda. Prosesa ya viini viwili. Diski hata ndogo inatosha. Skrini pana kiasi cha kuona maandishi ya programu upande mmoja na ukurasa wenyewe upande mwingine. Mwili hata ukiwa na michubuko haidhuru. Mstari wa mwisho uliandikwa: betri, masaa mawili na zaidi, na chini yake alipiga mistari miwili. Mtu wa mjini, mwenye umeme ukutani, asingeipigia mistari hiyo. Sisi Kashojwa tunaijua. Laptopu isiyo na betri kwetu ni sinia.

Sasa nieleze utaratibu wetu, maana bila huo hutaelewa kwa nini msichana mwenye akili hivyo alinyamaza. Sisi Wakongo tukienda kununua kitu kikubwa Mbarara, dukani anaongea mmoja. Muuzaji akishasikia "fasi" na "mingi" zetu, bei inapanda, au unaletewa kile kitu kilichokaa kabatini kikisubiri mjinga. Kwa hiyo mnapatana kabla ya kuingia nani ana lugha, na wengine wote wanakuwa mabubu. Hata mchungaji anakuwa bubu. Mnakuwa na ishara zenu: ukigusa pua, endelea, ukivuta sikio, acha, twende duka jingine. Nimewaona wazee wenye heshima zao wakijivuta masikio mbele ya friji. Inachekesha, lakini imetuokolea vitu vingi, na anayevunja utaratibu akaongea, bidhaa ikipanda bei lawama ni zake.

Nabintu hakujua Kinyankole hata cha kuombea maji. Alinikabidhi karatasi yake mlangoni na akafunga mdomo.

Duka lilikuwa Nyamityobora, mtaa wa Mbarara, la mtu anayeitwa Tumusiime, mwembamba, miwani juu ya paji la uso. Anauza laptopu zilizotumika Ulaya. Tuliangalia tano. Moja ilikuwa na giga mbili na haikuwa na nafasi ya kuongeza. Nyingine ilikuwa na prosesa ya zamani iliyopiga kelele kama kinu. Ya tatu skrini yake ilikuwa na mstari wa kijani. Zikabaki mbili zenye bei moja, na ndani zilikuwa sawa: giga nne, viini viwili. Moja ilikuwa nyeusi, nene, kifuniko kimechubuka, herufi nyingine zimefutika. Ya pili ilikuwa ya rangi ya fedha, nyembamba, safi, na kibodi yake ilikuwa ya Kifaransa.

Hiyo ya Kifaransa ilikuwa imekaa dukani miezi minane. Waganda hawaitaki, vidole vyao vinapotea. Lakini kompyuta ya kibandani kwangu ilitoka Bukavu, na vidole vya Nabintu vilijifunzia herufi hizo hizo. Alipoiona alijisahau, akaweka mikono juu yake na kuchapa jina lake bila kuangalia. Uso wake ulifunguka. Nilikaa naye miaka mitatu na uso huo nilikuwa sijaonyeshwa.

Tumusiime akaniambia kwa Kinyankole, taratibu, kama mtu mwaminifu, na kweli alikuwa mwaminifu, jambo ambalo sikulitegemea: "Hii ya fedha sikufichi, betri yake imekufa. Ukiichomoa inakaa dakika kumi, kumi na moja. Na betri ya aina hii huipati hapa wala Kampala, nimetafuta. Kama huyu dada anakaa pasipo na umeme, mpe nyeusi. Ile betri yake nimeiweka mpya juzi, inakwenda masaa matatu."

Nabintu alinigusa kiwiko na kunionyesha mstari wa mwisho wa karatasi. Nikamvuta hadi mlangoni.

"Anasema nini?" akaninong'oneza.

"Anasema ile nyeusi iliingiaka maji," nikamwambia. "Ya feza iko muzuri. Batri masaa mbili na nusu."

"Tuichomoe ku moto tuone?" akauliza. Moto kwetu ni umeme.

"Ukiichomoa atajua hatumuamini. Atapandisha bei, na pesa ya mama yako itakuwa kidogo. Ni nani anaongea hapa?"

Akainamisha kichwa. "Ni nyinyi, yaya," akasema, kama tunavyomwita kaka mkubwa.

Naweza kusema lilinitoka tu. Ningekuwa nadanganya. Nilikuwa nimeshafikiri tangu tangazo lilipotoka, na Tumusiime alipotamka dakika kumi, nilijua hicho ndicho nilichokuja kununua. Mashine nzuri kabisa, ambayo haiwezi kuishi nje ya kibanda changu. Sikuwa nampenda Nabintu kwa namna wanayodhani wanawake wa sokoni. Nilikuwa nimezoea kuwa mtu wa kompyuta wa Kashojwa, na bila yeye nilikuwa mtu wa kuchaji simu.

Nikamwambia Tumusiime tunachukua ya fedha. Akaniangalia, akashusha miwani, akaniangalia tena. Kisha akaandika risiti.

Jumapili baada ya ibada Nabintu alikuja anakimbia, laptopu kifuani.

"Yaya, imekufa. Dakika kumi na moja tu. Nilihesabu mara tatu."

Nikaipindua, nikaikagua, nikatikisa kichwa kama daktari. Nikamwambia mashine zilizokaa sana zina tabia hiyo, na kwamba tukirudi kwa yule mtu atatukana tu, risiti yake inasema kitu kikitoka dukani hakirudi. Hilo la mwisho lilikuwa kweli.

"Lakini usiogope," nikamwambia. "Utakuwa unafanyia hapa. Nitakupa fasi."

Nikampa kona karibu na dirisha. Wiki saba alikaa pale kutoka asubuhi hadi jua linapolegea, na hizo ndizo wiki nzuri kuliko zote nilizowahi kuwa nazo katika kibanda kile. Akiwa anafanya mazoezi yake alikuwa ananipokelea wateja bila kuombwa. Mashine ya kuchapa ikikwama, aliikwamua. Mama Anne alipita kila siku kutuletea mahindi ya kuchemsha, na kila siku alinishukuru kwa kumpa mtoto wake umeme wa bure. Alikuwa sasa anashona kwa mkono, vifungo na pindo, ameinama jua likimpiga kisogoni. Nilikula yale mahindi.

Wiki ya mtihani niliosha paneli. Nilibadilisha oili ya jenereta, nikanunua petroli ya akiba, nikabandika karatasi mlangoni kwamba Alhamisi sichaji simu ya mtu. Watu wakasema, ona jinsi anavyomjali huyu binti. Lakini nieleze yote. Swichi ya umeme iko chini ya meza yangu, karibu na goti. Jumatano nzima nilikuwa nakaa, na goti linaigusa. Sikuwa nimeamua. Nilitaka tu kuwa mtu ambaye anaweza kuamua.

Alhamisi saa tatu kasoro robo Nabintu hakuwa amefika. Nikatembea haraka hadi kwao. Mama Anne alikuwa anafagia uwanja.

"Alienda Mbarara tangu jana jioni," akasema. "Eko kwa Mama Pélagie, ule wa kanisa letu mwenye kupanga Nyamityobora. Ana moto ku nyumba. Hakukuambia?"

"Aliniambia," nikasema. "Nilisahau."

Nikarudi kibandani nikakaa peke yangu. Hakukuwa na wingu hata moja siku hiyo. Taa ya kijani iliwaka kutoka asubuhi hadi jioni bila kupepesa, na jenereta sikuigusa. Kama angekuwa amekaa kwenye kona yake, na mimi nikatulia, angemaliza.

Ijumaa mchana nikasikia amerudi. Nilikwenda kwa sababu kutokwenda kungeonekana vibaya. Majirani walikuwa wameshasogea kwenye uzio kwa sababu Mama Anne, ambaye hapigi kelele, alikuwa anapiga kelele. Umeme wa Nyamityobora ulikatika saa nne na dakika tano. Nabintu alikuwa amemaliza sehemu ya programu, amebakiza mchoro. Alifanya kazi dakika kumi na moja bila umeme, anachora huku anaona betri inaisha, kisha skrini ikawa nyeusi. Umeme ulirudi saa saba.

"Ulikuwa na fasi!" mama yake alikuwa anasema. "Ulikuwa na moto! Mutu alikununulia petroli, alifukuza bateja kwa ajili yako, na wewe unakimbia kama mwizi, unaenda kujionyesha ku mujini. Mimi niliuzisha mashini yangu kwa nini?"

Nabintu alikuwa amesimama na begi bado mgongoni. Aliponiona akaacha kumtazama mama yake.

"Jumanne nilimupigia Tumusiime," akasema. Sauti yake ilikuwa ya chini, na aliyekuwa anamwambia ni mimi, siyo mama. "Namba iko ku risiti. Nilitaka anitafutie batri, nifanye mutihani bila kusumbua mutu. Unajua alinijibu nini, ku Kiswahili yake ya kuvunjika? Akasema: 'Mimi nilisema na huyo kaka yako. Nilimwambia hii iko na betri mbaya, chukua hii nyeusi, iko saa tatu. Yeye nakataa. Mimi nashangaa sana.'"

Kisha akamgeukia mama yake. "Basi nikajiuliza, mutu wa kufanya vile, siku ya mutihani atafanya nini? Njo maana sikuweza kukaa kwake, mama. Nilimuogopa. Alichagua ile mubaya kwa kusudi, na mimi nilikuwa pale, nimenyamaza."

Uzio ulikuwa umejaa macho. Mama Anne aligeuka pole pole. Mikono yake ilikuwa na alama ndogo ndogo za sindano, vidole vyote.

"Emery," akasema. "Ni kweli?"

Aliniuliza vizuri. Hakuwa na hasira na mimi, alikuwa ananipa nafasi. Ningesema ndiyo, binti yake angekuwa na mama siku hiyo. Mtihani ulikuwa umeshapita, cherehani ilikuwa imeshauzwa, hakuna kingine kilichobaki cha kuokoa ila hicho. Nililiona hilo wazi kabisa, ninavyoona mkono wangu. Na nikaona pia kesho yake, watu wakibeba simu zao kwenda kuchaji kwingine.

"Mama," nikasema, na nilihakikisha sauti inatoka na uchungu, "ule ni mutu wa biashara. Aliuza kitu kibaya. Mulitaka akubali? Lazima aweke makosa juu ya mutu. Mimi sina neno na Nabintu. Ameumia, njo anasema hivi. Musimukaripie."

Mama Anne alifumba macho. Halafu akampiga binti yake kofi, mbele ya watu wote, mwanamke ambaye mtaa mzima unajua hakuwahi kumchapa hata alipokuwa mdogo. Nabintu hakulia. Aliniangalia jinsi alivyokuwa akiangalia programu yenye kosa, anasoma mstari kwa mstari, hadi aone linapoanzia. Nilisikia aibu. Nilisikia raha pia, na raha ndiyo iliyokaa zaidi.

Aliwaandikia watu wa Kampala kueleza kuhusu umeme. Walimjibu kwa mistari miwili kwamba nafasi zimejaa.

Jumatatu Mama Anne alimleta kibandani, amemshika kifundo cha mkono kama anaongoza mtoto wa chekechea. Kulikuwa na wateja saba au wanane. Laptopu ilikuwa imefungwa kwenye kitenge, akaiweka juu ya meza yangu. Alisema mashine hiyo haina kazi nyumbani, nikae nayo, na Nabintu afanye kazi kwangu hadi cherehani nyingine ipatikane, hata ikichukua miaka. Kisha akasema kuna jambo la kwanza kabla ya hilo, na akamsukuma binti mbele.

Nabintu alinyoosha mikono yote miwili, kama tunavyowafundisha watoto wetu, akaushika mkono wangu. Mikono yake ilikuwa baridi.

"Munisamehe, yaya Emery," akasema.

"Sema ya nini," mama yake akamwambia.

"Nilikusingizia."

Wateja walikuwa wananitazama, wanasubiri.

Nikamsamehe.